Mahali Pasipofagiwa

Kitaluni kwetu, mtu yeyote anayeacha kazi huitwa mstaafu, hata kama ndevu zake bado hazijatosha kunyolewa. Basi nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na minane, baada ya miaka minne ya kupanda na kuuza maua Juba. Kuanzia wiki ijayo nitakuwa uwanja wa ndege nikipima mizigo ya Entebbe na Nairobi. Mizigo haina mizizi, wala haihitaji kivuli, wala haifi kiangazi. Hata hivyo nimeshaanza kuwa na wasiwasi nayo.

Mama Aciro, mwenye kitalu, ameniomba niwaandikie nyinyi wawili mnaoshika nafasi yangu. "Andika yote iko kwa kichwa yako," aliniambia, "ili kichwa nayo ipumzike." Habari za mshahara sitaandika. Mtazijua wenyewe, na hazitawachukua muda mrefu kuzielewa. Nitaandika habari za helikonia, kwa sababu hakuna mmea utakaowasumbua zaidi, na habari za nyumba moja ya mtaa wa Munuki ambayo nyinyi mtaendelea kuitembelea.

Siku ya kwanza nilikuja na viatu vya ngozi na shahada ya kilimo kutoka Kenya, nchi nilikolelewa wazazi wangu walipokuwa uhamishoni. Viatu vilidumu hadi saa nne asubuhi. Mama Aciro ni Mwacholi wa Gulu. Alianza kwa kuuza nyanya katika soko la Malakia, kisha akagundua kwamba watu wanaohamia nyumba mpya hununua maua kabla hata ya pazia. Alinipa sepetu, keni ya kumwagilia na rundo la viriba, ile mifuko myeusi ya miche, akaniambia nijaze udongo. Nilimwuliza kama udongo huo umewahi kupimwa asidi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kabila la mbuzi.

"Profesa," alisema, "hiyo udongo haina tabu. Tabu iko kwa jua."

Tangu hapo nikawa Profesa. Msishangae wateja wakiwauliza Profesa yuko wapi.

Kuhusu vifaa, sina mengi. Keni huziba kwa tope, kwa kuwa maji tunayonunua kwenye matenki hutoka mtoni na huja na mto wenyewe ndani yake. Zibueni matundu kwa mwiba, msitumie msumari, maana msumari huyapanua na maji yakitoka kwa nguvu yanauchimba udongo. Sepetu inolewe. Panga langu nimewaachia, lile lenye mpini uliofungwa mpira. Msimwazime jirani wa kibanda cha chapati. Hulirudisha, lakini likiwa linanuka vitunguu.

Sasa helikonia. Wateja huiita ndizi ya maua kwa sababu majani yake ni kama ya mgomba, na kila msimu atatokea mtu wa kuuliza itazaa lini. Mjibuni kwa upole. Mama Aciro humwambia, "Hii si ndizi, hii ni mgeni ya ndizi," na mtu huridhika, sijui kwa nini. Ua lake ndilo linaloiuza. Hutoka katikati ya majani limepangwa kama midomo ya ndege, jekundu lenye ukingo wa njano, na hukaa wiki nyingi bila kunyauka. Ikipata mahali pazuri huishi miaka na miaka, ikitoa maotea pembeni mpaka iwe kichaka. Ikipata mahali pabaya hufa polepole, ili uwe na muda wa kutosha wa kujilaumu.

Haipandwi kwa mbegu. Hupandwa kwa tunguu, lile shina nene linalolala ardhini kama tangawizi. Lilazeni, mlifunike kwa udongo wa unene wa vidole viwili, si zaidi, maana likizama sana linaoza. Changanyeni udongo na samadi ya zamani, mbichi huunguza. Chagueni upande wa nyumba unaopata jua la asubuhi na kivuli cha mchana, na pawe na ukuta au rakuba, kile kibanda cha kivuli, cha kukinga upepo wa kiangazi. Upepo ule huyachana majani yakawa kama nywele zisizosukwa. Halafu wekeni matandazo: majani makavu ya mwarobaini, nyasi, maganda ya karanga, chochote kinachoweza kulala juu ya udongo kama blanketi. Hili msilisahau hata kama mmesahau mengine yote. Kiangazi cha Juba hugeuza udongo ulio wazi kuwa kikaango, na tunguu liko vidole viwili tu chini ya kikaango hicho.

Baada ya hapo mnasubiri. Hapa ndipo penye ugumu kwa mtu wa aina yangu. Ua la kwanza linaweza kuchukua mwaka na zaidi, na katika mwaka huo wote kuna mambo mengi ya kufikiria. Mama Aciro aliwahi kunikuta nikichokonoa udongo kwa kidole kuona kama tunguu limeanza kuchipua.

"Profesa, wewe ulikuwa kwa tumbo ya mama yako. Kama mtu angekuwa anafunua kila siku kuangalia, ungezaliwa?"

Nililifikiria swali hilo kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia.

Kiden alikuja kitaluni mwaka wangu wa pili, mvua zilipokuwa zinaisha. Alikuwa na mimba kubwa, na alishuka kwenye boda boda kwa uangalifu wa mtu anayeshusha mayai. Hakutazama maua yetu. Alitoa simu na kunionyesha picha ya helikonia iliyokunjika majani, rangi ya chai ya maziwa.

"Unauza dawa ya hii?"

Nilimwambia nahitaji kujua kwanza inaumwa nini, na nikamwuliza maswali mengi, baadhi yake ya lazima. Hivyo ndivyo nilivyojua habari yake. Kiden alikulia kwenye kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alipanda helikonia karibu na bomba la maji, pale maji yanapomwagika kila mtu anapotua mtungi, na ikawa kichaka ambacho watu walikitumia kuelekezana njia. Kiden alipokuja Juba kuolewa, mama yake alichimba matunguu matatu, akayafunga kwenye gunia lenye unyevu, akampa. Mwaka uliofuata mama huyo alifariki, akazikwa hukohuko. Kiwanja chake alipewa mtu mwingine, naye akakilima mihogo.

"Kwa hiyo hii ndiyo imebaki," Kiden alisema. "Nilipanda tatu. Moja imekufa. Ya pili inaenda."

Nilimwambia, kwa nia njema, kwamba tunazo helikonia nyekundu vilevile, na angeweza kuchukua moja nzima leo hii. Aligeuka akazitazama zote zilizopangwa chini ya neti ya kivuli.

"Hizo naziona," alisema. "Mimi nauliza hii yangu."

Nilikwenda Munuki wiki hiyohiyo. Kiden aliishi katika hosh ya mama mkwe wake. Hosh, kama mjuavyo, ni uwanja wa nyumba zetu wenye uzio, na huo ulikuwa na vyumba vitatu, rakuba ya kupikia na bafu la mabati kwenye kona. Mumewe ni dereva wa lori la kwenda Nimule, mpakani, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake hao wawili. Mama mkwe tulimwita Habuba, yaani bibi, kama kila mtu wa mtaa alivyomwita. Aliniletea chai kabla sijafika kwenye kiti.

Mmea ulikuwa nyuma ya bafu: jua la asubuhi, kivuli cha mchana, maji ya kuogea yakipita karibu. Hata mimi, ambaye hupata kasoro kila mahali, sikuiona kasoro isipokuwa moja: udongo ulikuwa mtupu. Habuba aliporudi kwenye rakuba, nilimimina gunia zima la majani ya mwarobaini na maganda ya karanga, nikamweleza Kiden, nikarudi kazini nikiwa na furaha ya kiasi.

Wiki iliyofuata nilikuta udongo mtupu tena. Haukuwa umepungukiwa, ulikuwa mtupu kama vile sikuwahi kufika.

"Mchwa," alisema Mama Aciro.

Tuliweka majivu kuzuia mchwa, na matandazo mapya. Nikarudi: patupu. Lakini mchwa huacha vijia vya udongo, na hapakuwa na kijia. Nikafikiria upepo, lakini ukuta ulikuwepo. Nikafikiria kuku, lakini nyumba haikuwa na kuku. Nikafikiria mbuzi wa jirani. Siku moja, nikiwa nimelala, nilifikiria mwizi wa majani makavu, na nikamtafutia sababu ya kuiba. Nilileta matandazo mara nyingi hivi kwamba Mama Aciro aliuliza kama ninajaza godoro.

Kiden sikuweza kumwuliza vizuri. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na kwa desturi mzazi hukaa ndani mpaka apate nguvu. Aliniitikia kupitia pazia la mlango.

"Ikoje leo?"

"Inajitahidi," nilisema.

"Usinifiche, ndugu yangu."

"Ya pili imekauka. Imebaki moja."

Mtoto ndiye aliyenijibu, kwa kulia.

Sasa angalieni jambo moja. Nilikuwa nikienda Munuki alasiri tu, Habuba akiwa amelala, kwa sababu asubuhi yetu yote huishia kwenye kumwagilia. Siku ya pekee niliyokwenda alfajiri ilikuwa kwa bahati. Hoteli moja karibu na uwanja wa ndege ilitaka vyungu vyake vifike kabla ya wageni kuamka, na nilipokwisha kuvishusha nikaona nipitie kwa Kiden.

Habuba alikuwa akifagia. Aliinama, mkono mmoja mgongoni, mwingine ukiuzungusha ufagio wa nyasi kwa mwendo uleule, na nyuma yake ardhi ilibaki na mistari kama kichwa kilichochanwa sasa hivi. Alifika nyuma ya bafu. Hakusimama. Alifagia kulizunguka shina la helikonia kwa uangalifu mkubwa, bila kuligusa, akayatoa majani yangu yote ya mwarobaini, akayasukuma hadi kwenye shimo la takataka, akayatia moto.

Nilisimama langoni nikiona moshi wa kazi yangu.

Juba tunafagia. Nililelewa na mama anayefagia. Mama Aciro hufagia mbele ya kitalu kabla hajasalimia mtu. Kiden alifagia hosh ile mpaka tumbo lilipomzuia. Hosh safi ni ardhi tupu. Jani moja lililolala ni neno baya juu ya mwanamke wa nyumba, na majani mengi ni mwaliko kwa nyoka. Sote tulijua hayo, na sote tulijua matandazo, lakini hakuna kati yetu aliyewahi kuyaweka mambo hayo mawili katika kichwa kimoja kwa wakati mmoja. Mgeni asiyejua kufagia angeligundua siku ya kwanza.

"Umekuja mapema, kijana wa maua," Habuba alisema kwa Kiarabu cha Juba, nami naandika kwa Kiswahili.

"Nilikuwa napita tu, Habuba. Unafagia mwenyewe?"

"Nani mwingine? Yule nimemkataza kuinama mpaka shingo ya mtoto ikaze. Wengine humwambia mke wa mtoto wao ainuke siku ya tatu. Huyu mama yake hayupo wa kumlinda. Basi nitamlinda mimi." Aliunyoosha mgongo, akaitazama kona ya bafu. "Ila kona ile inanishinda. Kila wakati imejaa majani, na mti wenyewe uko mbali. Sijui yanatoka wapi."

Nilijua yanatoka wapi. Nilikunywa chai yake, nikamshukuru, nikaondoka.

Njia nzima nilikuwa nikijadiliana na nafsi yangu, na kitaluni nikaendelea kujadiliana na Mama Aciro, aliyekuwa akigawa miche ya maua ya kana.

"Basi mwambie," alisema.

"Nimwambie nani?"

Alisimamisha kazi. Aliwahi kuwa mke wa mtu katika nyumba ya mama mkwe, na nadhani alirudi huko kidogo.

"Ukiambia bibi, ataona aibu, kwamba ameua kitu ya mama ya Kiden na mkono yake. Ukiambia Kiden, atanyamaza. Lakini atanyamaza vibaya. Wewe hujui kunyamaza ya wanawake wawili kwa hosh moja, Profesa. Haina mwisho."

"Naweza kusema majani ni dawa, yasiguswe."

"Uongo nayo inahitaji kumwagiliwa. Utaenda kila siku?"

Nilikiri kwamba singeweza. Tulikubaliana kutengeneza mpaka. Ufagio hufuata ardhi. Ukiikata ardhi kwa matofali, ufagio hugeuka. Nilifikiria pia kwamba tofali lingeweza kuonekana kama tusi, lakini Mama Aciro alikuwa ameshaita boda boda.

Tulifika na matofali ya kuchoma kwenye gunia. Kiden alikuwa ameanza kutoka nje. Alikaa chini ya rakuba akimnyonyesha mtoto. Mama Aciro alimsalimia Habuba kwa heshima zote, wakaulizana habari za nyumba, za afya, za bei ya mafuta ya kupikia, kisha akaomba ruhusa ya kuzungushia ua lile matofali.

"Mnajenga nini ndani ya hosh yangu?"

"Kitanda chake, Habuba," nilisema. "Majani makavu yakae ndani, yasitoke nje."

"Yakae? Yasifagiwe?"

"Yasifagiwe. Yanazuia jua lisilipike tunguu."

Alicheka, kama mtu anayemcheka mtoto wa wenyewe. "Mahali pasipofagiwa ni mahali pasipo na mtu, mwanangu. Hata kaburi hufagiwa. Watu wakiingia hapa waone uchafu wenye ukuta wake?"

Nilikuwa na majibu sita, na yote yalikuwa ya chuo kikuu. Mama Aciro alitazama matofali. Kiden ndiye aliyesema, bila kuinua macho kutoka kwa mtoto.

"Pana mtu, mama."

"Nani?"

"Mama yangu. Hiyo alinipa yeye, siku ile naondoka. Kule kwake pamelimwa mihogo. Sina kingine chake."

"Miaka yote hii hukuniambia?"

"Ningesemaje? Mke anayetaja kwao kila siku, watu husema bado hajafika."

Habuba aliutazama mmea ule, bua moja lenye jani moja na nusu. Kisha akatazama shimo la takataka, na majivu yake, kisha akanitazama mimi, na nikaona kwamba amejua majani yalitoka wapi na yamekwenda wapi. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Alikaa chini polepole juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Kumbe nilikuwa namfagia mgeni mlangoni," alisema.

"Ulikuwa unanipumzisha mimi," Kiden alisema. "Nilikuwa nausikia ufagio nikiwa ndani, nasema, Mungu ambariki mama huyu."

Mama Aciro alinishika mkono wa shati, tukaenda kupanga matofali. Niliyapanga vibaya kwa sababu masikio yangu yalikuwa kwao. Baadaye Habuba aliinuka, akaja, akayang'oa matofali mawili niliyoyaweka upande, akayasimamisha sawasawa mwenyewe. Kisha akauliza majani yako wapi.

Kiangazi kile sikuhesabu siku kwa sababu Mama Aciro alinikataza. Bua lilikauka mpaka chini, na hapo nilikata tamaa kimyakimya, kama nifanyavyo mambo mengi. Lakini mvua za kwanza ziliposhuka, ncha ya kijani kibichi ilitoboa majani ya mwarobaini, imejikunja kama karatasi ya barua. Nyinyi mkiona ncha kama hiyo msiiguse. Mwitieni mwenyewe aje aione. Kiden alikuja na mtoto mgongoni, akainama, akakaa ameinama muda mrefu, na safari hii Habuba hakumkataza.

Ua lilitoka mwaka uliofuata. Habuba ndiye aliyenipigia simu. Aliniambia nije nione, ila nipite upande wa rakuba, maana kwingine ameshafagia. Nilimfundisha kwamba bua likishachanua halichanui tena. Likatwe chini kabisa ili maotea yapate nafasi. Alisita, akamwuliza Kiden kwanza. Kiden alisema kata. Tangu hapo kichaka kimekua hata matofali tumeyasogeza nje, na bado mnapaswa kukipelekea maganda ya karanga kila kiangazi, maana Habuba huyataka hasa hayo. Anasema ya mwarobaini yana sura ya uchafu.

Mwezi uliopita, kazi yangu ya mwisho ilikuwa hapo. Poni, binti mdogo wa Habuba aliyekuwa akiishi kwa shangazi yake, anaolewa Torit, na Habuba alimwomba Kiden tunguu moja la kumpa. Alimwomba rasmi, wote wawili wameketi, na Kiden alikubali kabla hajamaliza kuombwa. Walinitaka mimi nikate. Panga liwe safi na kali. Kila kipande kiwe na macho mawili au zaidi ya kuchipulia. Jeraha lipakwe majivu. Kisha gunia lenye unyevu, lisiwe limelowa, na safari nzima likae kivulini. Poni alisimama kando akilitazama tunguu lile lenye matope kama mtu aliyetarajia zawadi ya kufungwa kwa utepe.

"Ukifika huko," Habuba alimwambia, "usikae kimya kama huyu wangu. Mwambie mama mkwe wako siku hiyohiyo ni kitu cha nani. Mwambie kabla hajashika ufagio."

Kiden alikuwa amepiga magoti akifunga gunia kwa kamba. Alicheka. Kisha akaifungua tena kamba, akaniomba panga, akisema, "Mimi nilipewa tatu," akakata tunguu la pili kwa mkono wake, akaliweka pamoja na la kwanza.